Maji Hayajafika Namba Moja

Chwaka, 9 Novemba 1997

Hayakufika! Mwanangu, bamvua limekuja, limejaa, limerudi, na maji hayakugusa hata kijiti namba moja! Andika hivyo kwenye vitabu vyenu vya ofisini, tena kwa wino mwekundu: Chwaka, hayakufika.

Haya, sasa salamu. Mwanangu Salhiya, mimi mama yako ni mzima, goti tu linanisumbua na hilo ni la kawaida. Mkwe wangu Khalil msalimu sana, mwambie pweza mkavu nimemwekea.

Tangu siku ile ulipokuja na gari ya ofisi ukachomeka vile vijiti kumi vyekundu na vyeupe, kutoka alama ya maji mpaka kwenye chanja langu la kuanikia mwani, mimi hapa sina jina tena. Siitwi Bi Mwanakheir. Naitwa Mpimaji. Jana nimepita kisimani, wasichana wananiambia, "Mpimaji, shikamoo, bahari imeamkaje?" Nikawajibu, "Marahaba, imeamka na adabu zake." Mimi niliyeishia darasa la tano, leo nina daftari na kalamu ya utafiti, na mtoto niliyemzaa mwenyewe ndiye mwalimu wangu! Nani mwengine Chwaka hii anaweza kusema hivyo? Ajitokeze.

Ulisema kila bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, nitazame maji yamefika kijiti namba ngapi, niandike. Nnaandika. Na juu ya vijiti vyako usiwe na wasiwasi hata kidogo. Miaka minane nnalima mwani na sijapoteza kijiti baharini, wenzangu kila maji makubwa yakipita wanalia. Mkulima anayeacha vijiti vyake vikachukuliwa na maji ni mvivu, hana jina jengine. Vyako nnavitunza kuliko vyangu, maana vyako vina rangi.

Barua anakuletea Masoud wa lori la mwani. Mpe yeye majibu. Hasomi barua za watu, nimemuuliza.

Mama yako,
Mwanakheir Makungu, Mpimaji wa Bahari


Mji Mkongwe, 21 Novemba 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimecheka mpaka Khalil akaja kuuliza kuna nini. Mkuu wangu wa kazi, Bwana Azzan, ameisoma mara mbili. Anasema laiti watafiti wake wote wangeandika kwa moyo kama wewe.

Lakini Mama, nakuuliza kwa sababu kazi yangu ni kuuliza. Hata namba moja? Kile nilikichomeka pale pale maji makubwa ya mwezi wa kumi yalipoishia. Mwaka huu bahari ina joto lisilo la kawaida, na mvua ndiyo hii unaiona, vuli imegeuka masika. Hapa mjini kuna vichochoro watu wanavuka wameshika viatu mkononi. Pwani nyengine tulizochomeka vijiti wameandika namba tatu, namba nne. Tafadhali tazama vizuri.

Nilikuahidi kuja Disemba nivione mwenyewe. Sitaweza, Mama. Kazi ni nyingi. Usinikasirikie.

Mwanao akupendaye,
Salhiya


Chwaka, 17 Disemba 1997

Mwanangu Salhiya,

Marahaba. Nimetazama kwa macho yangu mawili, na juu yake nikavaa miwani ya marehemu baba yako. Hayakufika. Bamvua la nisfu Shaabani lilikuja na upepo, linanguruma kama lina deni na sisi, na bado namba moja kimesimama kikavu. Hizo pwani nyengine, mwanangu, watu wake hawajui kutunza.

Sasa nikupe kichekesho. Jirani yangu Bi Mwatum, unamjua kwa woga, alikuwa ameshakata boriti za kujenga nyumba huko juu nyuma ya skuli. Nikamkuta anazipanga. Akaniambia, "Mwanakheir, bahari inakuja. Ufukwe si ule tuliozaliwa nao."

Nikamwambia, "Inakuja kwako. Kwangu ina mpaka."

"Mpaka upi huo?"

"Mpaka wa mwanangu. Njoo uone, vijiti kumi, hakuna kilichofikiwa. Wewe una elimu kumshinda Salhiya?"

Watu walicheka! Bi Mwatum akaziacha boriti zake palepale. Mzee Nahodha, jirani wetu wa upande wa pili, naye alishafunga virago vyake, akafungua palepale. Akasema, "Ikiwa mtoto wa Mwanakheir ameipima na kuiona salama, mimi na mgongo huu nihamie wapi?" Basi sote watatu tumekaa, nyumba zetu zimetulia, na boriti za Bi Mwatum ziko uwanjani zinaliwa na mchwa. Nilijiona mrefu siku hiyo.

Ila wewe una lako. Kazi, kazi. Kutoka Mjini mpaka Chwaka ni safari ya Hija? Watu wananiuliza mwanao haji kwani kuna nini, mimi nnawajibu anaandika vitabu. Usinitie uongoni.

Mama yako,
Mpimaji


Mji Mkongwe, 20 Januari 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Nnafuturu uji wa ntama nnakukumbuka.

Juzi tulikuwa na mkutano. Kuna fungu la msaada la kuwasaidia watu wa pwani sita kuhamia juu kabla ya masika, kwa sababu hesabu zetu zinaonesha maji yanapanda haraka kuliko tulivyodhani. Kila mtu alisoma ya kwake. Mimi nikasoma ya Chwaka: Novemba, hayakufika. Disemba, hayakufika. Januari, hayakufika. Bwana Azzan akachukua kalamu akalifuta jina la Chwaka kwenye orodha, msaada ukaenda kwengine.

Nilifurahi, Mama. Nilisema moyoni, nyumba niliyozaliwa iko salama. Kisha nikaanza kujiuliza kwa nini. Labda ni mikoko ya ghuba inayovunja mawimbi. Labda ni namna mchanga ulivyolala. Wenzangu wanataka kuja kusoma siri ya ufukwe wako.

Kuhusu kuja, vumilia kidogo tu. Kuna jambo nitakueleza wakati wake ukifika. Si baya.

Mwanao,
Salhiya


Chwaka, 3 Machi 1998

Mara sita! Mwanangu, nshavihamisha mara sita na hakuna hata kimoja kilicholowa! Yuko nani mwengine kwenye hizo pwani zenu sita aliyefanya kazi kama hii? Mlete nimuone!

Salamu baadaye, kwanza nikueleze, maana sijawahi kukusifia kazi yenyewe nikaimaliza. Kila bamvua kubwa likikaribia, mimi asubuhi nshatoka. Nnatazama povu limeishia wapi usiku wake, nnang'oa vijiti vyote kumi, nnavirudisha nyuma, nnavichomeka kwa mpango wao ule ule, namba moja mbele, namba kumi nyuma. Maji yanakuja yanakuta amana ya ofisi iko pakavu. Mwanzo nilikuwa nnaachia nafasi baina yao kama ulivyoweka wewe. Sasa nafasi imekwisha, vimesimama bega kwa bega kama watu wa sala ya jamaa. Namba moja kiko hatua tano kutoka ukuta wa jiko. Namba kumi kiko ndani, karibu na mafiga, nnaangikia upawa.

Chanja la mwani limechukuliwa na maji ya Idi, lakini chanja hujengwa. Vijiti vyako ndivyo nilivyoviapia.

Na hilo jambo lako la siri nshalijua. Umefanywa mkuu wa ofisi. Nimeshawaambia watu wote, kwa hiyo usinikanushe.

Mama yako mwenye fahari,
Mwanakheir Makungu, Mpimaji


Mji Mkongwe, 5 Machi 1998

Mama,

Shikamoo. Nimemwambia Masoud asiondoke mpaka nimalize barua hii, amekaa barazani anakunywa chai.

Vijiti vile si vya kutunzwa. Ni vya kuachwa vilowe. Vilichomekwa ili maji yavifikie, tujue yamesogea kiasi gani. Ulipokuwa ukivirudisha nyuma, ulikuwa ukiifuata bahari hatua kwa hatua na kuniandikia haijaja. Kosa si lako. Ni langu. Nilikuonesha namba, sikukwambia maana. Nilimpa mkulima wa mwani vijiti, nikatarajia aviangalie vinazama.

Usikasirike, na usione haya. Kaa chini unijibu mambo mawili. Kila mara ulipohamisha, ilikuwa lini? Na namba moja ulikirudisha hatua ngapi? Kadiri unavyokumbuka.

La mwezi mpevu wiki ijayo ni dogo, lakini bamvua la tarehe 28 mwezi huu ndilo kubwa kuliko yote ya mwaka. Ningekuja mwenyewe kukutoa kwa mkono, na hapa ndipo nikwambie lile jambo. Nina mimba, Mama. Miezi mitano. Mwanzo ilitaka kutoka, daktari amenikataza kabisa kupanda gari. Nilikuficha kwa sababu wewe ukifurahi Chwaka nzima inajua, na mimi nilikuwa nnaogopa. Nisamehe.

Salhiya


Chwaka, 8 Machi 1998

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Kijiti gani duniani kinachomekwa ili kiachwe? Ungeniambia! Lakini basi. Umeuliza, nnakujibu, na hapa huniambii nimekosea, kwa sababu mkulima wa mwani anaijua miezi kuliko majina ya wajukuu wa jirani. Mara ya kwanza mwezi mchanga wa Rajabu, hatua tatu. Ya pili nisfu Shaabani, tatu. Ya tatu siku mbili kabla ya Ramadhani, nne. Ya nne Idi yenyewe, asubuhi kabla sijapika, sita. Ya tano mwezi kumi na nne Mfunguo mosi, nane. Ya sita mwanzo wa Mfunguo pili, tisa. Jumla thalathini na tatu. Hatua ni hizi zangu, si za mtu mrefu.

Nilipoziandika hivyo moja chini ya nyengine, Salhiya, nilizisoma tena kwa sauti. Tatu, tatu, nne, sita, nane, tisa. Na zilizobaki mpaka ukuta wa jiko ni tano.

Tena nikuambie nililokuficha na mimi. Wimbi moja lilishavipita vijiti likaingia jikoni, wiki iliyopita. Nilifagia nikanyamaza. Mpimaji gani anaingiliwa jikoni?

Na mjukuu! Yaa Rabbi! Sijamwambia mtu yeyote, wallahi. Ila Masoud alikuwepo nilipopiga kigelegele, na Masoud ana mdomo. Lala, kula, usiinue ndoo. Khalil afue.

Sasa nisikilize. Bi Mwatum na Mzee Nahodha wamekaa kwa ulimi wangu. Niandikie barua ya ofisi, yenye muhuri, iseme bahari imebadilika ghafla wiki hii. Nitaisoma mbele za watu, sote tutahama, na hakuna atakayemcheka mtu. Nnakuomba. Mama yako hajawahi kukuomba kitu.

Mwanakheir


Mji Mkongwe, 12 Machi 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua ya muhuri niliipiga chapa. Niliisoma, kisha nikaichana. Nikisema bahari imegeuka ghafla wiki hii, Mzee Nahodha atasema tusubiri igeuke tena wiki ijayo. Nnamjua, na wewe unamjua.

Zile hesabu zako sita nimempelekea Bwana Azzan. Mwanzo alicheka. Kisha alivua miwani, akaniambia hakuna mtu kwenye pwani zote aliyeifuata bahari kwa miguu yake mwezi baada ya mwezi namna hiyo. Nimeandika upya ripoti, na nimeandika kosa langu kwa jina langu. Chwaka imerudi kwenye orodha. Lakini msaada hautafika kabla ya mwisho wa Aprili, na bamvua ni tarehe 28. Lililopita lilisogea hatua tisa. Wewe una tano. Hiyo haihitaji chuo.

Watu wale hawakukaa kwa sababu ya ofisi, Mama, wala kwa sababu yangu. Walikaa kwa neno lako. Na kwa neno lako tu ndio watatoka. Waambie kama ulivyoniambia mimi.

Mwanao,
Salhiya


Chwaka, 31 Machi 1998

Yameingia na hakuna mtu! Salhiya! Yameingia nyumba zote tatu, na hakuna hata mtoto wa paka ndani!

Nipe pumzi. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, mjukuu wangu amelala vipi? Sasa sikiliza.

Ijumaa ya tarehe 20, alasiri, maji mafu yasiyopanda sana, nikawaita Bi Mwatum na Mzee Nahodha ufukweni, nikamwita na sheha wetu, na wengine wakafuata kwa udaku wao. Nikang'oa namba moja. Nikaipa nyumba mgongo, nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nakwenda baharini. Walidhani nimeshikwa na shetani. Kufika kumi na saba niko kwenye mchanga mbichi. Kufika thalathini na tatu maji yananipiga kwenye vigimbi vya miguu. Nikakichomeka pale. Nikageuka nikasema, "Hapa ndipo mwanangu alipokiweka mwezi wa kumi. Mimi ndiye niliyekihamisha. Nilidhani nakitunza. Kila niliposema hayakufika, yalikuwa yamefika."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke.

Mzee Nahodha ndiye wa kwanza, akasema, "Kwa hivyo, Mwanakheir, ulisogeza vijiti na bahari haikujua?"

"Haikuambiwa," nikamjibu.

Bi Mwatum akaja mpaka majini, buibui lake limelowa lote, akanitazama machoni. "Na boriti zangu?"

"Zimeliwa na mchwa kwa ulimi wangu. Nitakukatia nyengine kwa mikono yangu."

"Utakata za nyumba mbili," akasema, "maana na wewe huna pa kulala." Kisha akanishika mkono akanitoa majini, kwa sababu goti langu lilikuwa limekataa. Miaka thelathini ujirani, nilikuwa sijui kama ana nguvu vile.

Basi hapo ndipo ungeona kazi! Siku saba. Tumeng'oa milango, madirisha, mabati ya Mzee Nahodha, kitanda changu cha samadari vipande vipande, kuku kwenye matenga. Mizigo ilikuwa inapanda mpaka nyuma ya skuli kama harusi inayohama. Tumelala chuoni kwa watoto wa Kurani, wanawake chumba hiki, wanaume kile, na Mzee Nahodha anakoroma mpaka ukuta unaitikia.

Jumamosi tarehe 28 sote tulikaa juu kutazama. Saa kumi alasiri likaja. Mwanangu, sijawahi kuona. Halikuja na kelele, lilikuja limejaa tu, kama mtu anayejua njia. Likaingia jikoni kwangu bila ya hodi, likatokea mlango wa mbele. Kwa Bi Mwatum likafika dirishani. Kwa Mzee Nahodha ukuta wa chumbani ulisimama kidogo, ukainama, ukalala chali, pale pale kilipokuwa kitanda chake. Mzee akaona, akakaa chini, akasema, "Alhamdulillahi, sikuwa na usingizi leo." Watu wakapiga kelele, wengine wanacheka, wengine wanalia. Mimi nilifanya vyote viwili.

Nyumba aliyonijengea baba yako imekwenda nusu. Nilimlilia yeye kidogo, si nyumba. Kisha nikafunga kibwebwe, maana boriti za Bi Mwatum zilikuwa zinanisubiri.

Na hizo nshazikata, na kijiji kizima kimeingia kazini! Kuta za nyumba tatu zimeshafungwa fito, makuti wanawake wa kijijini wameyasuka, udongo umechimbwa umerundikwa, na maji ya kuukanda mvua inatuletea yenyewe. Kilichobaki ni kukandika, na kukandika si kazi ya mtu mmoja, ni ya watu wote kwa siku moja. Tumeshapeleka mwito. Watu wa Uroa wanakuja, wa Marumbi wanakuja, vijana wa mpira wote wanakuja wapende wasipende. Bi Mwatum anapika pilau na mimi nnapika mchuzi wa pweza, tumeshagombana nani atangulie kupakua. Idi ya kuchinja inataka itukute ndani.

Wewe usije, nnakukataza kwa mdomo na kwa maandishi, na ukionekana kwenye gari yoyote nitamvua Masoud leseni. Lakini Khalil aje. Mwambie mikono yake ya mjini tutaisamehe, atachota udongo na watoto. Bwana Azzan aje, na wale wenzako waliotaka kusoma siri ya ufukwe wangu waje, wavue viatu wakunje suruali, siri wataipata wakiwa na tope mpaka magotini. Dada zangu wa Mjini, mama zako wadogo, na yule shoga yako Wafaa anayejua kuimba, wote. Asikose mtu. Na akiuliza mtu ni lini, usimwambie wiki ijayo, usimwambie karibuni. Mwambie Jumapili, tarehe tano Aprili, mara tu watu wakitoka kusali alfajiri.

Mama yako,
Mwanakheir